Saumu ni ya Mtu, Futari ni ya Watu

Kila mwaka, hilali ya Ramadhani inapokaribia kuandama na watu wa pwani wakiwa katika shamrashamra za vunja jungu, huzuka pale Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, swali ambalo halijapata kumalizwa na jibu la mwaka uliotangulia: je, wanafunzi Waislamu waliokusanywa na elimu kutoka kila pembe ya nchi yafaa waukabili mwezi huo kwa jamaa, wakifuturu juu ya mkeka mmoja, wakila daku kutoka chungu kimoja na wakisali tarawehe nyuma ya imamu mmoja, au ni bora zaidi kila mtu aachiwe chumba chake, tende zake na Mola wake?

Swali hili halikuwa na uzito huu Chuo kilipofunguliwa mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kikisomesha katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kwani aliyetoka darasani pale alikuwa hatua chache tu kutoka mitaa ya Kariakoo, yenye misikiti na baraza zake, ambako mgeni aliyekutwa njiani na adhana ya magharibi hakuachwa apite bila ya kushikwa mkono. Mwaka 1964 Chuo kilihamia kilimani, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji, kikajengewa mabweni, kumbi na mikahawa yake, na tangu hapo mwanafunzi akawa mkazi wa mji mwingine, mji usiokuwa na shangazi wa kumpelekea sahani iliyofunikwa kawa. Fauka ya hayo, mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, hata Ramadhani huyazunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33 hivi: mwaka 2010 mfungo uliangukia Agosti, ambao aghlabu ni wakati wa likizo ndefu, wengi wakafunga kwa mama zao, baadaye ukazidi kurudi nyuma, ukaingia katikati ya mihadhara, majaribio na mitihani, na mwaka 2030 utaingia mara mbili katika mwaka mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Maneno yanayosemwa juu ya jambo hili, barazani, mabwenini na katika vikao vya kamati, nimeyakusanya hapa na kuyatia katika vinywa vya watu watano, ambao sikuwapa majina kwa kuwa kila mmoja wao ni wengi: Mwalimu, mhadhiri wa makamo aliyekalishwa kitini kuwa mwamuzi, Mwanasheria, kijana wa Pemba anayesomea sheria, Mhandisi, kijana wa Kigoma, mkuu wa kamati ya futari, Binti, mwanafunzi wa ualimu aliyekulia Tanga, na Mgeni, Mkatoliki wa Bukoba, anayekaa chumba kimoja na Mhandisi.

MWALIMU: Assalaam alaykum nyote, na wewe mgeni wetu, karibu. Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba kufunga kwa jamaa hapa Chuoni kunaizidishia saumu thamani yake. Nitamwanza anayeikataa, kwa sababu mwenye kuitetea ada iliyokwisha kuenea aghlabu hajui anatetea nini mpaka ishambuliwe. Haya, Mwanasheria.

MWANASHERIA: Ahsante, Mwalimu. Mimi sikatai chakula cha ndugu yangu, wala sisemi kwamba kukaa pamoja ni haramu. Nasema kwamba kunaipeleka saumu mahali isipotaka kwenda. Tazameni ibada nyingine: mwenye kusali huonekana akirukuu, mwenye kutoa zaka huonekana na anayeipokea, mwenye kuhiji huagwa na mtaa mzima na hurudi akiitwa Alhaji, lakini mwenye kufunga hana alama, kwani aliyefunga na aliyekula hupita njia moja kwa sura moja, na hakuna ajuaye tofauti yao ila Mwenyezi Mungu, ndiyo maana imepokewa kwamba miongoni mwa amali zote za mwanadamu ni saumu ambayo Mola ameinasibisha na nafsi Yake, akaahidi kuilipa Mwenyewe. Sasa ibada ambayo shani yake ni siri, nyinyi mnaifungia turubai, mnaiwashia taa, mnaitundikia bango la mfadhili wa Uturuki au wa nchi za Ghuba, na kabla mtu hajatia tende kinywani huambiwa ainue sahani yake apigwe picha, ili aliyetoa aone kwamba amepokewa. Jambo hilo, lisipokuwa riya kwa mtoaji, ni udhalili kwa mpokeaji, na aghlabu huwa yote mawili.

Tena msiniambie kwamba jamaa ndiyo asili ya mwezi huu. Mtume, sala na salamu zimshukie, alisali sala ya usiku msikitini katika Ramadhani, watu wakamfuata, habari zikaenea na wafuasi wakaongezeka, hata usiku ambao msikiti ulifurika hakuwatokea, na kulipokucha akawaeleza kwamba alichelea isije ikafaradhishwa juu yao. Naye Imamu Ghazali, aliyezipanga saumu kwa daraja tatu katika kitabu chake cha Ihya, amewakemea wale wanaoila jioni karamu ya siku nzima, kwa kuwa njaa iliyokusudiwa kuivunja nafsi huwa imegeuzwa kuwa njia ya kuinoa. Na mwisho, Mwalimu, mkusanyiko huzaa makobe, yaani wanaokula mchana kwa siri. Aliyekula mchana chumbani mwake na akafuturu chumbani mwake ana dhambi moja. Aliyekula mchana, kisha kwa haya ya wenziwe akaja kuketi mkekani akiilamba midomo mikavu ya uongo, ana mbili, na ya pili mmemfundisha nyinyi.

MHANDISI: Kaka yangu umesoma nusu ya ukurasa. Mtume alipofariki, khofu ya kufaradhishwa ikaondoka, kwani wahyi ulikuwa umekatika. Na Omar bin Khattab katika ukhalifa wake alipowakuta watu msikitini wametawanyika, huyu akisali peke yake na yule akisali na kikundi chake, aliwakusanya nyuma ya Ubayy bin Kaab, akalisifu jambo hilo kwa ulimi wake. Aliyajua unayoyajua kuhusu siri ya ibada, na bado akaona kwamba watu waliotawanyika ndani ya msikiti mmoja ni aibu.

Ama bango na picha, kwa hilo sina la kujitetea, na laiti kamati ingekuwa na fedha zake yenyewe nisingelikubali. Lakini wewe unazungumza kama mtu ambaye hajawahi kuishiwa. Tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 wengi wetu tunajikimu kwa fedha zake, ambazo sote tunaziita bumu, nazo huja kwa vipindi, na hakuna aliyeahidi kwamba kipindi chake kitaafikiana na mwezi wa Waarabu. Huja Ramadhani ikamkuta mtu na shilingi za daladala tu. Huyo mchana hana taabu, kwa kuwa amefunga kama tajiri. Taabu yake huanza magharibi, pale ambapo tajiri anafuturu na yeye anaendelea na saumu bila ya niya. Yupo pia anayekaa mabweni ya Mabibo, ambaye adhana humkuta amening'inia mlangoni mwa basi. Yupo mwenye kipindi cha jioni au zamu ya maabara, na wetu ni mji ambao jua lake huzama baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, ndiyo saa ambayo ratiba ya Chuo haijasikia habari zake. Na yupo aliyesilimu mwaka jana, ambaye kwao hakuna amwamshaye daku wala ajuaye kwa nini aamshwe. Wote hawa, ukiwaambia kila mtu na chumba chake, umewaambia kila mtu na njaa yake. Imepokewa kwamba mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata mfano wa thawabu zake pasipo kupunguziwa yule kitu. Sasa atafuturishwaje aliyejifungia?

MWALIMU: Niruhusuni neno moja kabla ya Binti kusema. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia Juni, nami nilikuwa Edinburgh nikiandika tasnifu. Huko Juni jua huzama karibu na saa 4 usiku, na alfajiri huwahi mno kiasi cha mafakihi kukhitilafiana juu ya saa yake, hata mfungo haupungui saa 18, ilhali hapa kwetu ni kiasi cha 13 na ushei, kiangazi na masika. Upo msikiti mkubwa kandokando ya chuo kikuu, uliofunguliwa mwaka 1998, na humo tulifuturu Mpakistani, Msomali, Mmalaya na Mskoti, watu ambao mchana hatukuwa na neno la kuambiana. Nilijifunza kwamba saa zile 18 niliweza kuzibeba peke yangu, bali dakika kumi za baada ya adhana sikuziweza. Endelea, Binti.

BINTI: Shukrani, Mwalimu. Nimewasikiliza kaka zangu kwa adabu, mmoja akitaka tule chumbani na mwingine akitaka tule uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyeeleza chakula kinatoka wapi. Basi nitaeleza mimi. Tangu saa 8 mchana dada kumi au kumi na watano, ambao wamefunga kama nyinyi mlivyofunga na wana majaribio kama nyinyi mliyo nayo, huwa nyuma ya msikiti wakikuna nazi, wakimenya mihogo na magimbi, wakikaanga kaimati na wakikoroga uji wa pilipili manga katika moshi wa kuni. Na wakati huohuo kaka zetu wamo ndani, katika darsa la baada ya alasiri, wakifundishwa fadhila za kufuturisha. Adhana ikilia sahani hupelekwa kwanza upande wa wanaume, kwa kuwa wao ni wengi na wana haraka ya jamaa, kisha ndipo zivuke pazia, na mara nyingi zinazovuka ni mihogo bila ya samaki na kaimati zilizobaki chini ya bakuli. Kaka Mwanasheria ataka kuificha saumu. Mimi saumu yangu imefichwa vya kutosha nyuma ya sufuria.

Daku nayo ina habari yake. Kamati huiandaa msikitini saa 10 za usiku, na ni jambo zuri, ila mlango wa bweni letu saa hizo una kufuli, na hata ungekuwa wazi mimi nisingetembea gizani kwa ajili ya wali na maharage. Kwa hiyo daku ya jamaa ni ya nusu ya jamaa. Nusu ya pili inakula biskuti na chai ya chupa. Tena kuna lile ambalo hamlitaji kwa staha, nami nitalitaja kwa staha: mwanamke ana siku zake, ambazo sharia yenyewe imemwondolea saumu na kumtaka ailipe baadaye. Nyumbani mama huliona hilo bila ya kuambiwa, akamwachia binti chakula jikoni. Hapa Chuoni, dada asipoonekana tarawehe huulizwa na kaka wa kamati kama imani yake imepungua, na akionekana amebeba mkate saa 6 mchana huitwa kobe. Hiyo siri anayoililia Mwanasheria tumenyang'anywa sisi zaidi ya wote.

MWANASHERIA: Basi umeniunga mkono, ukhti. Yote uliyoyataja ni matunda ya mkusanyiko.

BINTI: Hasha, kaka. Hayo ni matunda ya dhuluma, na dhuluma hukaa hata chumbani. Mimi sitaki sufuria iondolewe. Nataka iwe na watu wawili wa kuikoroga. Leteni zamu ya mapishi yenye majina ya wanaume, gawieni daku jioni katika vyombo vya kuchukua hadi bwenini, pelekeni sahani pande zote mbili kwa pamoja, na kila Ijumaa bandikeni ukutani hesabu ya kilichopokewa na kilichotumika, ili asiyejua fedha zinakwenda wapi asilazimike kudhania. Mkiyafanya hayo nitakuwa wa kwanza mkekani.

MHANDISI: Hayo ya zamu nayakubali, ijapokuwa najua uji utakaokorogwa na wanafunzi wa uhandisi utakuwa wa namna gani.

BINTI: Mtajifunza. Nasi hatukuzaliwa na mwiko mkononi.

MWALIMU: Mgeni wetu, umenyamaza sana. Wewe umekaa na Mhandisi mfungo mmoja mzima. Umeonaje?

MGENI: Nashukuru kwa kunikaribisha, Mwalimu, nami nitasema kwa moyo mweupe. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeingia siku chache kabla yake, hata nikawa katika Kwaresima na mwenzangu katika mfungo, tukiishi watu wawili wenye njaa katika chumba kimoja. Yeye aliamka usiku, nami kwa mlio wa saa yake nikaamka; mimi Ijumaa sikula nyama, naye alipojua hilo akaniwekea bakuli la maharage ya nazi kutoka kwenye futari, wala hakulitaja. Kwa tendo lile nilimwelewa kuliko kwa maneno yote tuliyokwisha kubishana tangu mwaka wa kwanza.

Lakini siku moja nilikaribishwa kwenye futari kubwa, nikaketi, nikala, na kabla sijanawa mikono akasimama mzungumzaji mwenye Biblia mkononi, akaanza mhadhara wa kulinganisha dini, na macho ya watu yakanigeukia mimi na wenzangu wawili. Sikukasirika, ila nilijiona kwamba sikuwa mgeni, nilikuwa windo, na tende zile zilikuwa chambo. Kama mnatuita tule, tuiteni tule. Kama mnatuita tujadiliane, tuambieni mapema, tuje tumejiandaa, nasi tunao ya kusema.

MHANDISI: Ndugu yangu, hilo nilisikitika nalo. Walakini usinitake niiache daawa, kwa kuwa kuita watu katika kheri ni taklifu juu yangu, na ni wakati gani ulio bora kuliko huo ambao nyoyo zimelainika?

MWANASHERIA: Hapo nitamsimamia Mgeni dhidi yako, na natumaini hatashangaa. Mgeni aliye mezani kwako yumo katika amana yako mpaka atakapoondoka, na hoja anayotolewa mtu ilhali kinywa chake kimejaa chakula chako si hoja, ni deni. Tena kuna jambo nataka niliseme ili nisidhaniwe kuwa mchoyo wa dini. Wapo miongoni mwetu wanaopeleka maombi kila mwaka kwamba mkahawa wa Chuo ufungwe mchana wa Ramadhani, kama hoteli zinavyofungwa kwetu Pemba na Unguja. Mimi ni wa huko, na napinga. Kwetu ni desturi ya watu ambao karibu wote ni Waislamu, na anayefunga huko huchukuliwa na mkondo. Hapa pilau hunukia saa 7 mchana, na mimi hupita mbele yake na vitabu vyangu. Na hapa ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba ninafunga kwa hiari.

MWALIMU: Umenikumbusha tofauti ambayo wengi huisahau. Vyuo vilivyojengwa kwa ajili ya Waislamu tunavyo na tulikuwa navyo Afrika Mashariki: Mombasa palikuwa na Taasisi ya Elimu ya Waislamu, iliyoanza kufundisha mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya Mabohora, ambayo leo imekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha serikali kinachopokea watu wa kila dini, Mbale, Uganda, pana Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na Morogoro pana Chuo Kikuu cha Waislamu tangu mwaka 2005. Katika vyuo vya namna hiyo jiko na ratiba huufuata mwezi, na mtu haulizi kwa nini wafunge pamoja, kwani kutofunga pamoja ndilo jambo ambalo lingehitaji maelezo. Mlimani si hivyo. Hapa jamaa ni lazima iundwe upya kila mwaka na watu ambao hawakulazimishwa, mbele ya macho ya watu wasiohusika, na kwa hiyo kila kasoro yake huonekana. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake. Lakini bado hatujagusa jambo ambalo huivunja jamaa hii kabla haijaanza, na nyote mnalijua.

MHANDISI: Mwezi.

MWALIMU: Mwezi. Semeni, lakini kwa insafu.

MWANASHERIA: Mimi ni Mshafii kama wazee wangu, na katika madhehebu yetu kauli aliyoitia nguvu Imamu Nawawi ni kwamba kila upeo una hilali yake. Dalili yetu ni habari ya Kurayb, aliyetumwa Sham, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa, naye aliporudi Madina Ibn Abbas akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa Jumamosi, na kwamba wataendelea mpaka watimize siku 30 au wauone wenyewe, wala mwono wa watu wa Sham haukuwatosha. Basi Mufti wa nchi akitangaza, nimefunga, asipotangaza, sijafunga.

MHANDISI: Na mimi nafuata kauli iliyotegemewa na wengi katika mafakihi wa Kihanafi, Kimaliki na Kihanbali, kwamba ukithibiti kwa Waislamu wa nchi moja umethibiti kwa wote. Kurayb alisafiri majuma kabla ya habari yake kufika Madina. Leo mwezi ukionekana Makka, au Nairobi, simu yangu hunieleza kabla sijavua viatu vya magharibi. Siwezi kujua na kujifanya sijui.

BINTI: Na kwa ajili hiyo kila mwaka futari ya kwanza huwa mbili, na Idi huwa mbili. Idi ya Fitri ni sikukuu ya taifa ya siku mbili, nayo hufuata mwandamo uliotangazwa nchini. Hivyo kaka Mhandisi aliyetangulia kufunga hutangulia kumaliza, akajikuta asubuhi ya Idi yake amevaa kanzu mpya ndani ya darasa, akisubiri karatasi ya jaribio. Mwaka mmoja kamati ilivunjika kwa jambo hili, sufuria zikagawanywa kama mirathi.

MWALIMU: Nawe una rai gani?

BINTI: Sina fatwa, Mwalimu, nina jiko. Siku ile ya kwanza inayobishaniwa, nusu yetu tumefunga na nusu bado wamo katika Shaabani. Hao walio bado Shaabani ndio wapike siku hiyo. Hawana kiu, hawana usingizi wa daku, na zaidi ya hayo wao peke yao ndio wanaoweza kuonja chumvi bila ya wasiwasi. Na mwisho wa mwezi, wale waliotangulia kuingia katika Idi yao wawapikie wale waliobakiwa na siku moja. Hakuna atakayeulizwa kwa nini amefunga au kwa nini amekula. Ataulizwa tu zamu yake ni ipi.

MWANASHERIA: Yaani unataka nimpikie mtu aliyefunga siku ambayo mimi naiita siku ya shaka.

BINTI: Nataka umpikie nduguyo, kaka. Shaka ni yako na saumu ni yake. Mihogo ni yetu sote.

MHANDISI: Naikubali. Mwaka huu zamu ya Idi itaniangukia mimi, nami nitaleta kaimati.

Hapo ndipo mjadala ulipokomea, kwani Mwalimu hakupigisha kura. Na maadamu yeye hakukata shauri, nitalikata mimi niliyewasemesha. Naona Mwanasheria ana haki katika jambo la asili: saumu haizidishiwi wala haipunguziwi kitu na wingi wa watu walio mkekani, kwa kuwa ni ahadi baina ya mja na Mola wake, na atakayeifunga peke yake katika chumba cha ghorofa ya nne hakupungukiwa na chochote katika thawabu zake. Kwa hiyo hoja, kama ilivyowekwa, imeanguka. Lakini aliyeiangusha hakuthibitisha kwamba futari ya jamaa ni bure, kwani futari si saumu. Saumu ni ya mtu. Futari ni ya watu, nayo hupimwa kwa mizani ambayo hupimiwa mambo yote ya watu, yaani kama imemfikia aliyeishiwa, kama imegawanywa kwa haki, kama aliyeipika ameila, na kama waliokhitilafiana wameweza kuketi bila ya mmoja wao kulazimishwa kuwa mwingine.

Na ni kwa mizani hiyo ambapo mfungo wa Chuoni una jambo ambalo mfungo wa nyumbani hauna. Kijana aliyefunga miaka yote kwao Pemba, Tanga au Kigoma hajapata kufuturu na mtu anayesali rakaa 8 za tarawehe ilhali yeye anasali 20, wala na mtu ambaye Idi yake si ya siku moja na yake, wala hajapata kuulizwa nani aliyepika; vyote hivyo alivikuta vimeamuliwa na wazee wake, akala. Mlimani humlazimu aamue yeye, pamoja na rika lake, nao ndio watakaokuwa kesho mahakimu, wahandisi, walimu na wabunge wa nchi ambayo khitilafu zake ni kubwa kuliko za mwandamo wa mwezi. Asiyeweza kukubaliana na mwenziwe juu ya zamu ya kukuna nazi atakubaliana naye juu ya nini?

Basi kwa rai yangu kamati iendelee, kwa masharti matano yaliyotoka katika vinywa vya wasemaji hao hao: picha za wanaokula zikomeshwe, hata kama mfadhili atakasirika, zamu ya jikoni iandikwe majina ya wanaume na ya wanawake, hesabu ibandikwe kila Ijumaa, mgeni asihutubiwe akiwa na sahani mkononi, na siku za mwezi unaobishaniwa zipikwe kama alivyosema Binti. Masharti hayo hayahitaji fedha za Ghuba wala idhini ya utawala wa Chuo, na kamati itakayoshindwa kuyatimiza itakuwa imempa Mwanasheria ushindi alioukosa kwa hoja.